Saini ya Mzee Ntilampa

Bila cheti cha uraia, Bi Sikudhani angevushwa mpaka wa nchi siku ya Ijumaa. Hata hivyo aliyapita madirisha mawili ya ofisi ya uhamiaji yasiyo na foleni, akajipanga kwa Bwana Kafwenji, ofisa aliyesifika kwa kufukuza watu.

"Unadai uraia kwa baba," alisema Kafwenji bila salamu. "Huyo Ntilampa wako alikuwa mgeni."

"Huenda, mwanangu. Sisi wa shamba hata cheti cha raia halisi hatujawahi kukiona."

Kafwenji akavuta mtoto wa meza, akatandaza cheti chake cha kuzaliwa. "Haya, kione."

"Kizuri. Na kama karani aliyekisaini angekuwa mgeni?"

"Kingefaa kufungia maandazi."

"Basi niandikie kwamba Ntilampa alikuwa mgeni, na mhuri upige."

Kafwenji akaandika kwa madaha. Alipoushika mhuri, Bi Sikudhani akamsogezea kile cheti cha ofisa mwenyewe.

"Hakikisha jina, mwanangu. Linakili kutoka hapo kwenye saini."

Kafwenji akasoma: Ntilampa, karani wa vizazi. Akaichana karatasi yake vipande vidogo vidogo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Cheti chako utakisubiri, au uje kesho?"

"Marahaba. Nitasubiri. Baba alikuandikia chako siku ileile kilipoombwa."