Mwalimu wa Kimya katika Chuo cha Pangoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati mawe yalipokuwa bado yanasikiliza, wanyama wote walikuwa na chuo kimoja. Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya pango, juu ya mlima wenye ukungu usioondoka hata mchana. Mlango wa pango ulikuwa mpana kama mdomo ulioachwa wazi, na ndani kulikuwa na giza totoro.

Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Alishinda kutwa katika dimbwi lililokuwa kando ya mlango, pua na macho tu vikionekana. Mtunza ghala wake alikuwa Fisi. Walimu wakubwa, Nyati na Kifaru, walikuwa na vyumba vyao huko ndani, vyumba vikavu vyenye moto. Walikula ghalani wafundishe wasifundishe, na mara nyingi hawakufundisha.

Waliofundisha hasa ni walimu wa msimu, nao walikuwa wadogo wadogo: Kobe, Nungunungu na Pimbi. Hawa hawakuwa na chumba wala kigoda. Kila msimu ulipoanza walisimama mlangoni kwenye ukungu, wakisubiri kuambiwa kama kazi ipo au haipo. Aliyeambiwa haipo alishuka mlima na njaa yake. Aliyeambiwa ipo aliingia, akafundisha, kisha akatoka kusimama tena nje.

Na malipo yao yalikuwa na utaratibu wake. Fisi alikaa mlangoni na kibuyu, ametega sikio. Mwalimu akisema, Fisi anatia kokoto kibuyuni: ti. Akiendelea kusema: ti. Akinyamaza, hakuna kitu. Jioni kokoto zilibadilishwa kwa mizizi ya kula. Kupanda mlima, kulifikiria somo usiku kucha, kumvuta pembeni mtoto ambaye hakuelewa na kumwelekeza taratibu, yote hayo hayakuwa na kokoto. Kobe, ambaye husema polepole, alirudi nyumbani na vijizizi viwili vitatu. Nungunungu alijifunza kupayuka maneno yasiyo na kichwa wala miguu ili ti, ti, ti iongezeke. Alishiba kidogo, lakini wanafunzi wake hawakujua lolote, na jambo hilo lilimtia aibu.

Aliyeumia zaidi ni Pimbi, kwa sababu somo lake lilikuwa kimya.

Ndiyo, kimya. Tai akipita juu, mtoto wa mnyama afanye nini? Pimbi aliwafundisha kujilaza kwenye ufa wa mwamba mpaka wafanane na mwamba. Aliwafundisha kupumua pumzi isiyosikika, na kuutuliza moyo usigonge kwa nguvu. Somo kama hilo halifundishwi kwa makelele. Pimbi aliingia, akajilaza juu ya jiwe, akawa kama hayupo. Watoto walimtazama, wakamwiga, na mmoja mmoja nao wakawa kama hawapo. Kule mlangoni kibuyu cha Fisi hakikulia.

Tena Pimbi alikuwa mama. Mwanawe, Sikudhani, alikuwa mdogo kama ngumi, na alikuwa na kikohozi. Pimbi alimwacha nje, chini ya mwamba uliotokeza, maana Fisi alikataza mtoto wa mwalimu wa msimu kuingia chuoni. Wakati akifundisha kule ndani, alikisikia kile kikohozi kikipenya ukungu: koho, koho. Kila siku kilikuwa kirefu zaidi. Mvua kubwa zilikuwa zinakaribia, na Pimbi alijua kwamba mtoto yule hatazivuka akiendelea kulazwa nje.

Basi akamwendea Mkuu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno yake, maana hakuzoea kuomba. Aliomba kona tu karibu na moto, na kazi yake ihesabiwe kama kazi. Kiboko alitoa pua majini, akamsikiliza, kisha akamwuliza Fisi huyu mama anafundisha nini hasa.

"Anafundisha kunyamaza, Mkuu," alisema Fisi akicheka, kwi kwi kwi. "Juzi nilitega sikio mpaka nikasinzia. Sasa nimpe mizizi ya watu kwa kulala?"

"Mama Pimbi," alisema Kiboko, "kimya si kazi. Kimya ni pale ambapo hakuna kitu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Pimbi aliinamisha kichwa. "Nimekuelewa, Mkuu," alisema. "Kimya ni pale ambapo hakuna kitu."

Akambeba mwanawe, akashuka mlima. Nungunungu na Kobe waliomwona akipita walidhani amekubali yaishe.

Kila mwaka, kabla ya mvua, ilikuwapo siku ya wazazi. Simba, Chui, Tembo na wengineo walipanda mlimani kuona watoto wao wamejifunza nini. Siku hiyo Kiboko alitoka dimbwini akapakwa mafuta mgongoni. Nyati na Kifaru walikaa mbele, wametunisha vifua, kana kwamba ndio waliofundisha.

Asubuhi hiyo Pimbi aliwahi. Watoto walikuwa wameshaingia pangoni, na Fisi yuko ghalani anapanga viazi vya wageni, hivyo mlangoni hapakuwa na mtu. Pimbi aliingia na Sikudhani mikononi. Aliwaambia watoto kwamba leo watamwonyesha Mkuu somo lao lote, na kwamba mtu asitoke wala kujibu mpaka asikie ukucha wake ukigonga jiwe. Binti mdogo wa Simba alinyoosha mikono, akampokea Sikudhani bila kuuliza. Kisha Pimbi akatoka, akaenda kusimama mahali pake pa siku zote, nje, kando ya Kobe na Nungunungu.

Ukungu ulikuwa mzito. Kutoka chini ya mlima zilisikika hatua za wazazi, za Tembo zikizidi zote: duu, duu, duu.

Kiboko aliwaita watoto watoke wajipange. Hakujibiwa. Akaita tena kwa sauti kubwa. Sasa pango lile, wanangu, lilikuwa na kawaida ya kurudisha sauti. Ukisema neno mlangoni, linakurudia kutoka ndani. Siku hiyo sauti ya Kiboko iliingia, ikaenda, ikaenda, na haikurudi. Pango lililimeza neno lile kama mtu anavyomeza mate.

Nyati akaacha kutabasamu.

Fisi akaamriwa aingie. Aliingia akipapasa, maana hakuona hata mkono wake. Harufu ya watoto ilikuwepo, lakini ilikuwepo siku zote, hata chuo kikifungwa. Alipapasa jiwe, baridi. Akapapasa jiwe la pili, baridi. Akapapasa la tatu.

Alitoka mbio, mkia katikati ya miguu.

"Hakuna mtu, Mkuu," alisema, meno yakigongana. "Hakuna hata mmoja. Lakini kuna jiwe lina joto. Nililigusa likavuta pumzi."

Kifaru alisema kwamba amekumbuka shughuli bondeni. Nyati alimfuata. Hatua za wazazi zilizidi kukaribia, na sauti ya mama Simba ikasikika ndani ya ukungu, akiwaambia wenzake kwamba ana hamu ya kumwona bintiye.

Kiboko akamgeukia Pimbi. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimwita mwalimu.

"Mwalimu, watoto wako wapi?"

"Mimi nilikuwa nawafundisha kimya, Mkuu. Na wewe uliniambia kimya ni pale ambapo hakuna kitu. Labda wamelielewa somo kama ulivyolisema."

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini ndani yake alikuwa ameanza kuogopa. Tangu asubuhi alikuwa akihofia kitu kimoja, kwamba Sikudhani atakohoa na kuharibu kila kitu. Alitega sikio asikie koho, koho. Hakusikia. Alingoja. Hakusikia tena. Hofu yake ya kwanza ikatoka, ikaingia nyingine iliyo mbaya kuliko ile. Mtoto aliyekohoa asubuhi na jioni, mbona leo hakohoi?

Ukucha wake ulikuwa juu ya jiwe. Alitaka kugonga.

"Warudishe," alisema Kiboko, na mafuta ya mgongoni yalikuwa yanachuruzika na jasho. "Sema unachotaka, mama. Simba akifika asimkute mwanawe, huyu Fisi ataliwa, na mimi nitafuata."

Pimbi akazungumza upesi, huku sikio lake liko pangoni. Alitaka walimu wa msimu walipwe kazi nzima, ya mdomo na ya kichwa na ya kimya, na wawe na chumba kikavu chenye moto, ambamo watoto wao wanaruhusiwa. Tena waambiwe mapema kama kazi ipo, wasisimamishwe mlangoni kama ombaomba. Kiboko aliitikia kila neno kabla halijaisha.

Pimbi akagonga jiwe. Tak.

Hakutokea mtu.

Akagonga tena. Tak. Giza likabaki giza. Pimbi alihisi manyoya yake yakisimama, kwa kuwa sasa hakuwa akimtisha mtu. Alijiuliza kama amewafundisha kitu kisichoweza kurudishwa.

Ndipo mwamba ukafumbua jicho.

Likafumbuka la pili, upande mwingine. Kisha ukuta wote, kutoka chini hadi darini, ukajaa macho, yakimtazama bila kupepesa. Watoto wakaanza kushuka, na hakuna hatua iliyosikika. Binti wa Simba alikuja wa mwisho. Kifuani kwake, katikati ya manyoya, alikuwa Sikudhani, mkavu, amelala fofofo, anavuta pumzi laini isiyokwaruza. Asubuhi nzima alikuwa amezungukwa na miili ya wenzake. Kumbe kikohozi chake kililetwa na baridi tu.

Pimbi akampokea, akamkumbatia.

Wazazi wakafika. Watoto wakapangwa, wakaanza kuimba, na Simba akamwona bintiye, akafurahi. Kiboko aliposikia nyimbo, moyo wake ulirudi mahali pake, na pamoja nao ukarudi ukubwa wake. Akamwinamia Pimbi, akamnong'oneza kwamba maneno ya mtu aliyeshikwa na woga hayahesabiki, na kwamba mambo yale yatazungumzwa msimu ujao, kama kazi itakuwepo.

Pimbi alimpa Kobe mwanawe, akapanda juu ya jiwe lililokuwa mbele ya watoto, akajilaza, kama alivyozoea kufanya darasani.

Watoto walimwona. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kukawa kimya. Mtoto wa Tembo alibaki na mkonga juu. Ukungu ulikuwa ukipita kati yao, na kila ulipopita palionekana mtoto mmoja pungufu na jiwe moja zaidi. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyejificha. Walikuwa wakiacha tu kuwapo.

Mama Simba alisimama. "Mkuu," alisema taratibu, "mwanangu alikuwa amesimama hapa sasa hivi. Yuko wapi?"

Kiboko alitazama jiwe lililokuwa mbele yake. Hakumwona Pimbi, lakini alijua anasikilizwa. Basi akasema kwa sauti iliyofika hadi bondeni, mbele ya wazazi wote, kwamba kuanzia siku ile walimu wa msimu wana chumba cha ndani chenye moto, wao na watoto wao, na kwamba watalipwa kazi yao yote, hata ile ambayo sikio la Fisi haliisikii. Akamwamuru Fisi afungue ghala pale pale.

Wazazi walisikia, na neno lililosikiwa na Simba na Tembo pamoja halirudi tena mdomoni.

Ukucha ukagonga jiwe, tak, na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatika.

Mvua kubwa ziliponyesha, Sikudhani alilala karibu na moto. Na Kiboko, tangu siku hiyo mpaka leo, darasa likinyamaza kidogo, hutoa kichwa majini haraka na kuuliza, "Mpo?" Nao hawamjibu upesi.

Hadithi yangu imefika kituoni, wanangu, na neno lake ni hili: kazi isiyosikika nayo ni kazi, na anayeifanya apewe haki yake.