Kwa Nini Tandauli Hawachanganyi Taka

Sogeeni ndani kidogo, nyie mliokaa mlangoni. Habari hii haifai kusikilizwa na mtu ambaye mgongo wake uko nje.

Kabla ya kila nyumba ya Tandauli kuwa na mapipa mbele yake, taka ilikuwa kitu kimoja tu. Watu hawakusema maganda, wala vigae, wala matambara. Walisema taka, wakavisokomeza vyote katika pakacha moja, na asubuhi pakacha likaenda kumwagwa jaani, nyuma ya ukuta wa mji. Huko kila nyumba ilikuwa na rundo lake, maana watu wa Tandauli walikuwa na heshima zao hata katika kutupa, na hakuna aliyekubali uchafu wake ugusane na wa jirani. Nyumba ilipimwa kwa rundo. Rundo la Liwali lilikuwa kubwa kuliko yote kwa sheria. La pili lilikuwa la Somoe binti Mwinyikai, kwa bidii.

Somoe alikuwa msafi wa kuchosha. Kanga ikififia pindo, ilitupwa. Birika likipasuka mdomo, lilitupwa. Nywele zilizobaki kwenye kitana, majivu, chicha, magunzi, fagio lililochoka, vyote vilikwenda na pakacha. Mama mkwe wake, Bi Kidawa, alikuwa akifuata nyuma akiokota.

"Mwanangu, kifuu kizima hiki. Si upawa huu?"

"Mama, wageni wakituona tunachotea kifuu watasema mwanao hana kazi."

"Kazi anayo. Ila haitoshi kwa unavyotupa."

Somoe alicheka, akakitupa kifuu.

Jambo la kwanza lilitokea barazani. Asubuhi moja mlinda mlango aliona joho la Liwali likija kutoka upande wa jaa, akafungua, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufungulia joho. Aliyelivaa akaketi kitini, akasikiliza mashauri mpaka jua likapanda, bila kutamka neno. Hakuna aliyelalamika, wapo walioapa kwamba baraza halijawahi kwenda vizuri vile. Kisha Liwali mwenyewe akatoka ndani, amechelewa kuamka kama kawaida yake. Yule wa kitini akainua uso. Ulikuwa ukoko wa wali, na macho yake vigae vya kikombe. Akasimama, akamtupa Liwali begani kama pakacha, akatoka naye. Waliothubutu kufuata mpaka ukutani walikuta viatu vya Liwali juu ya rundo lake, vimepangwa vizuri, kama vitu vilivyokwisha kazi.

Wazee wa baraza wakakutana mpaka kahawa ikawaishia. Wakatoa amri kwamba jaa limepigwa marufuku kusogea, na kwamba kitu chochote kilichotupwa kisirudi mjini bila ruhusa. Mpiga mbiu akatumwa kwenda kuisoma mbele ya jaa lenyewe. Aliisomea mbali, kwa sauti ndogo, akarudi kuripoti kwamba jaa halikutoa pingamizi.

Siku chache baadaye, adhuhuri, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya nyayo, Somoe alikuwa jikoni, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Bintiye, Mize, alikuwa ukumbini, nywele zimefumuliwa, akingoja kusukwa.

"Mama, bado?"

"Ngoja nimalize nazi."

"Umesema hivyo tangu asubuhi!"

Somoe aliinamia nazi yake. Alikuwa amefumba mdomo, anakuna, aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema kule ukumbini: "Mize, mwanangu, njoo nikusuke."

Nazi ikamponyoka. Akainuka mbio. Alipofika mlango wa ukumbi alimwona mwanawe amekaa chini, mgongo kwa aliyemsuka, kati ya magoti mawili, kama watoto wanavyokaa siku zote. Magoti yale yalikuwa vifuu. Mabegani ilitandwa kanga aliyoitupa mwezi uliopita. Uso ulikuwa chicha iliyokauka, meno ni meno ya kitana chake kilichovunjika, na shingo ndefu ni lile birika, ambalo sauti ilipitia. Kichwani zilijaa nywele za Somoe mwenyewe, za miaka yote. Vidole vilikuwa vijiti vya fagio, navyo vilikuwa vikitenga nywele za mtoto fungu kwa fungu, taratibu mno.

"Mama," alisema Mize bila kugeuka, "leo una mkono mwepesi."

Somoe akapiga hatua moja ndani.

"Usiniulize kwa nini sikupiga hodi," lile jitu la taka lilimwambia. "Mimi si mgeni. Hakuna kitu mwilini mwangu ambacho hakikutoka mkononi mwako. Ulivitupa, nikavishika. Na huyu naye umemwambia angoje."

Likasimama, limemshika mtoto mkono, likaelekea nje, upande wa jaa. Hapo ndipo Mize alipogeuka, akaona mama wawili. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akaung'ang'ania ule mkono uliokuwa ukimsuka.

Niwaambieni kweli, kilichomwokoa mtoto hakikuwa busara. Ilikuwa hasira ya mwanamke aliyeona nguo yake mwilini mwa mwingine. Somoe aliruka, akaidaka ile kanga, akapiga kelele kama watu wanaogombania zamu kisimani:

"Nipe kanga yangu, wewe! Hiyo bado ya kufutia vyombo!"

Kanga ikatoka, na bega likaporomoka nayo. Lile la taka likayumba. Somoe akaona.

"Na hilo fagio nalitaka, nasugulia mtungi! Chicha hiyo ya kuku! Majivu ya masufuria! Hivyo vifuu ni pawa, na magunzi nitawashia moto!"

Kila kitu kilichosikia kazi yake kiliachia. Lakini vilipoanguka sakafuni pamoja vilianza kutafutana, magunzi yakiburura nywele, vifuu vikibingirika kuelekea fagio. Bi Kidawa, aliyekuwa ametoka chumbani na ungo mkononi, akapiga ukelele: "Usiviache pamoja! Vitenge, mwanangu, vitenge!" Wakavitenga mbiombio, vya kuoza katika ungo, vigumu katika mtungi.

Mwishowe ukabaki mkono mmoja, umening'inia kwenye mkono wa Mize. Vijiti vya fagio vilikuwa vimekwisha toka, na uliobaki ulikuwa wa vitu ambavyo Somoe alivitafutia kazi asiione, wala majina yake hakuyakumbuka: vumbi lililogandamana, nyuzi, mabaki ya vitu. Aliuvuta, ukakaza. Mtoto akalia. Aliutukana, ukakaza zaidi, mpaka vidole vya Mize vikawa vyeupe.

Somoe akapiga magoti.

"Wewe sina kazi nawe," aliuambia. "Siwezi kukudanganya. Lakini nakujua, ni wangu. Sikutupi tena mbali nisikoona. Utakaa hapa mlangoni pangu, na kila nikipita nitakutazama."

Bi Kidawa akasogeza kijungu chenye kifuniko. Mkono ule ukaachia kidole kimoja, ukasita, ukaachia kingine, kisha ukajikunja ndani ya kijungu kama paka anayelala. Somoe akafunika, akakiweka nje, ubavuni mwa mlango. Mize alikaa muda mrefu baada ya hapo akinusa viganja vya mama yake kwanza ndipo apokee chakula, na mama yake hakuwahi kumgombeza.

Basi tangu adhuhuri ile Tandauli hawachanganyi. Ukipita leo utaona mbele ya kila nyumba pipa la maganda na makombo, pipa la chupa na makopo, na pembeni yake kipipa kidogo cha visivyo na kazi, chenye kifuniko kizito. Wakubwa wa manispaa watakuambia kwamba mapipa hayo yaliletwa na mradi wao, kwamba ulikatwa utepe na hotuba ikasomwa. Waachieni, nao wanahitaji kitu cha kuripoti. Lakini waulizeni kwa nini mwanamke wa Tandauli, akiuziwa kitu dukani, humwambia muuzaji, "Usinifungie, nipe hivyohivyo." Waulizeni kwa nini hakuna anayejivunia kipipa kilichojaa. Kikijaa kabla gari la taka halijapita, kifuniko huanza kuinuka chenyewe mchana wa jua kali, kidogo tu, kiasi cha kupitisha sauti.

Ndiyo maana watoto wa huko, wakiitwa na mama zao adhuhuri, hawaitiki. Hutoka kwanza wakatazama kifuniko.