Chungu cha Mize na Akina Kidogo Tu

Mikono magotini. Wote. Saumu, Badi, na wewe Shani unayejificha nyuma ya mto. Magotini, nimesema.

Tizameni kichwa cha bibi yenu. Asubuhi nimeamka na nywele zangu nyeupe, laini, nimechota dawa yangu ya kuoshea kwenye chungu kile pale, dawa niliyoihangaikia siku tisa, nikajimwagia. Sasa zimesimama kama nimekutana na simba. Na kinaniwasha! Nimeuliza nani ametia mkono chunguni. "Si mimi, bibi." "Si mimi, bibi." "Si mimi, bibi." Very good. Basi ni mbuzi.

Kwa kuwa hakuna aliyefanya, mtasikiliza nyote. Nikisema "Kale!" mnaitikia "Ya nani?"

Kale!

— Ya nani?

Ya watu wenye nywele nyingi kuliko akili! Kale ambayo mbuzi walikuwa hawajafuga ndevu, na mwezi ulikuwa bado mpya, hauna hata doa. Palikuwa na mji unaitwa Mwambakuu. Mtawala wake Jumbe Mwinyikombo, na Jumbe ana binti mmoja, Mwanashamu, nywele zinamfika kiunoni. Nywele zile ndizo zilikuwa habari ya mji. Watu wakikutana sokoni hawaulizani bei ya mtama, wanaulizana nywele za Mwanashamu zimefika wapi. Usicheke, Badi. Nyinyi mnafuatilia nywele za watu msiowajua kwenye simu, tena kwa bando la mama yenu.

Katika mji huo huo palikuwa na msichana, Mize binti Shaame, mtoto wa mfinyanzi. Mize alipenda majani. Akaenda milimani kwa wajuzi wa majani, akasoma. Akasoma mwaka, akasoma miwili, akasoma mpaka saba. Jani hili linafanya nini, akasoma. Likikutana na lile inakuwaje, akasoma. Akarudi na kibuyu kilichochorwa alama saba. Ndiyo cheti chake.

Kisha akaenda kutafuta kazi. Eh! Hapa ndipo ninapopandwa na presha.

Akafika kwa karani wa Jumbe. "Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nasikia nyumba ya Jumbe inatafuta mwosha vichwa."

"Una uzoefu?"

"Nimesoma miaka saba."

"Sijauliza kusoma, binti. Umeosha vichwa vingapi vya majumbe?"

"Nitaoshaje kabla hamjanipa kazi?"

"Ndiyo hivyo. Ukishapata uzoefu, njoo tukupe kazi."

Mmesikia? Miaka elfu imepita, sentensi ni hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nina shahada ya kemia, iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, nimezeeka nayo. Sentensi hiyo nimeambiwa kwa Kiswahili, nimeambiwa kwa Kiingereza, na mara moja kwa meseji yenye ua mwishoni. We regret to inform you, na ua. Tuendelee kabla sijatukana.

Kale!

— Ya nani?

Ya makarani! Mize akarudi nyumbani, wala hakulia. Akasema, wanataka uzoefu? Nitautengeneza. Kichwa ninacho. Akachukua chanuo, akazigawa nywele zake mafungu manne. Fungu la kwanza akaliosha kwa maji ya majivu: zikakatika. La pili kwa bamia: zikawa laini, laini kabisa, mpaka zilipokauka, zikaganda kama gundi, sisimizi wakahamia na familia zao. La tatu kwa uwatu mtupu: mbuzi wa mtaa mzima wakamfuata mpaka kisimani. La nne kwa shubiri: nywele zikakubali, lakini na uchafu nao ukakubali kubaki.

Kila jaribio akafunga fundo kwenye kamba. Jaribio, fundo. Jaribio, fundo. Majirani wakipita: "Mize wee, ndiyo masomo hayo? Unanuka mchuzi!" Mize akachota maji mengine. Jaribio, fundo. Jaribio, fundo. Alipofika fundo la arobaini na moja, akapata. Majani ya mkunazi, yaliyokaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa, yakapigwa majini kwa mkono mpaka yakatoa povu. Ute wa shubiri, kijiko. Uwatu uliolowekwa, kipimo cha ganda la yai, basi. Akaosha. Chanuo likapita bila kuomba ruhusa.

Habari zikafika kwa Jumbe, maana harusi ya Mwanashamu ilikuwa Ijumaa. Karani akaja mwenyewe, anahema. "Nywele za mwali ziking'aa, kazi ni yako. Zikiharibika, uhame mji huu, wewe na mama yako." Mnauona mkataba huo? Mshahara haujatajwa, lakini adhabu ipo, tena imenyooka.

Sasa tegeni masikio, kisa kizima kimekaa hapa. Katika Mwambakuu, mwali akishawekwa ndani haonekani ila na wanawake watatu: mama yake, shangazi yake, na somo yake, yaani yule bibi anayemfunda. Mtu mwingine yeyote, hata awe na vibuyu kumi vya cheti, mwisho wake pazia. Kwa hiyo Mize anatengeneza dawa, lakini haoshi yeye. Anaipitisha paziani, wenye cheo ndio wanaoosha. Mwenye kujua nje, wenye cheo ndani. Nimesema nisitukane.

Ijumaa alfajiri Mize akapiga povu lake. Nusu akaitia kwenye kibuyu chake, akakiziba. Nusu akaileta kwa chungu mpaka paziani.

"Hodi. Shikamooni, mama zangu. Dawa hii imekamilika. Mmwagieni, msugueni, msuuzeni. Msiongeze kitu, nawaomba."

"Haya, mwanangu, haya."

"Hata kidogo."

"Tumesikia, mwanangu. Sisi si watoto."

Chungu kikaingia ndani. Shangazi, Bi Chausiku, akanusa. "Mh. Hii haina harufu ya harusi, inanukia msitu. Nitakamulia ndimu. Kidogo tu." Akakamulia ndimu tisa.

Mama, Bi Kazija, akachungulia. "Haina rangi. Mtoto wa Jumbe aoshwe majani kama ng'ombe? Nitakoroga hina. Kidogo tu." Akakoroga bakuli zima, kwa vidole vyake mwenyewe.

Somo, Bi Mgeni, akachovya. "Povu lenyewe ndilo hili? Povu la kimaskini. Nimefunda mabinti sitini mimi! Leteni magadi, yale ya kupikia maharage. Kidogo tu." Akatia ngumi nzima.

Magadi yakakutana na ndimu. Mnajua kilitokea nini?

— Kikalipuka!

Hakikulipuka, Badi, hii si sinema. Kikachemka. Bila moto. Shhhhhh! Povu likapanda, likavuka mdomo wa chungu, likashuka sakafuni. Bibi watatu na vyeo vyao wakajikuta juu ya kitanda cha mwali.

Mize kule nje akasikia. "Mama zangu, mmeongeza nini?"

"Hatujaongeza kitu!"

"Mbona inachemka?"

"Inafurahi!"

Wallahi ndivyo walivyomjibu. Bi Mgeni akashuka kitandani. "Baraka hizi. Povu si mmeliona?" Wakammwagia mtoto wa watu. Wakamfunga kichwa kwa kitambaa, eti iingie. Wakaletewa vitumbua. Wakala vitumbua. Wakasengenya ukoo wa bwana harusi, mmoja mmoja, mpaka kwa binamu. Wakakumbuka kichwa adhuhuri.

Walipofungua, nywele zilikuwa rangi ya kutu, ngumu kama makumbi ya nazi. Chanuo likaingia, halikutoka. Mwanashamu akashika kioo. "Mama," akasema, "kichwa changu kimekuwa ufagio."

Nani akaitwa barazani? Akina Kidogo Tu? Excuse me! Akaitwa Mize.

"Ametia jini chunguni," akasema Bi Mgeni. "Limechemka bila moto, tumeliona kwa macho. Uongo, Bi Chausiku?"

"Limechemka, haki ya Mungu."

Jumbe akamgeukia Mize. "Uhame kabla jua halijazama, wewe na mama yako. Una neno?"

Mama yake Mize alikuwa pale mlangoni, mikono bado ina udongo wa vyungu. Mize akamtazama, akageuka. "Ninalo moja, Jumbe, na nusu kibuyu." Akakizibua, akamimina kwenye bakuli jeupe. "Hii ni dawa ile ile ya alfajiri. Mbona imetulia? Tia mkono, Jumbe."

Jumbe akatia. Laini.

"Nipeni ndimu." Akakamua. Kimya. "Nipeni magadi ya jikoni." Akadondosha chembe. Shhhhhh! Wazee wa baraza wakakusanya kanzu zao wakapanda viti.

"Jini lenyewe hilo," akasema Mize. "Limezaliwa jikoni kwenu. Nani alitia ndimu?"

"Mimi," akasema Bi Chausiku, "lakini kidogo tu."

"Nani alitia magadi?"

"Kidogo tu," akasema Bi Mgeni. "Na nia yangu ilikuwa njema."

"Na hina?"

Bi Kazija akaingiza mikono ndani ya ushungi wake, lakini alichelewa. Vidole vyake vilikuwa vimeiva rangi mpaka kwenye viungo. Kila mtu akaviona. Jumbe akaviona. Jumbe akainua macho, akazihesabu boriti za dari, akakohoa. "Mize hahami," akasema.

"Na kazi, Jumbe?"

Nanyi mnadhani alipewa. Seriously? Karani akasimama. "Mize amehusika na ajali hii. Bi Chausiku amehusika. Bi Mgeni amehusika. Tunataka mtu asiye na doa. Mwatime, binti wa dada yangu, siku nzima ya leo alikuwa amelala. Hajaharibu kitu chochote." Akapewa Mwatime!

Badi, kaa chini. Hasira hizo ni zangu, nimezitunza miaka mingi.

Kale!

— Ya nani?

Ya Mwatime aliyelala! Mwanashamu akaolewa hivyo hivyo, kafunikwa shela mpaka puani. Lakini fungate ilipokwisha, siku ya nane asubuhi, binti wa Jumbe akatoka kwa miguu yake, akaingia uani kwa mfinyanzi, akavua ushungi.

"Dada Mize, nimechoka kuoshwa na watu. Nitengeneze."

Mize akashika ncha za nywele, zikavunjika mkononi. "Zilizoungua nitazikata. Zitarudi, lakini polepole. Na nina sharti moja. Kaa pale. Mikono magotini."

Akamkata. Akafunga fundo la arobaini na mbili. Akamwosha wiki hii, akamwosha wiki ile, na mvua za masika zilipoanza, nywele zilikuwa mabegani, nyeusi, chanuo linapita. Mji ukasikia. Wanawake wakaja uani, mstari mpaka barabarani. Wote mikono magotini. Aliyenyanyua wake kusema, "Mize mwanangu, tungeongeza karafuu kidogo," alitolewa nje na povu lake kichwani.

Na Mwatime? Alikaa kwa Jumbe na kiti na cheo, bila kichwa hata kimoja cha kuosha. Mwisho akaja na yeye, kwa mlango wa nyuma, anajikuna.

"Dada, nioshe na mimi. Na kama kuna kazi hapa, nipe. Kule naozea kitini."

Mize akafuta povu mikononi. "Una uzoefu?"

Mwatime akainamisha kichwa. "Sina."

"Afadhali. Hujazoea kuharibu. Mikono magotini, utaanza kwa kutazama."

Mimi nisingemchukua. Nawaambia ukweli. Lakini kisa ni cha Mize, si changu.

Sasa mafunzo, msije mkasema bibi alikuwa anapiga soga. Mtu akihangaika mara arobaini na moja, akakwambia imekamilika, imekamilika. Ukitaka kujaribu, jaribu, sijakataza! Lakini tafuta chungu chako, kichwa chako, kamba yako, ufunge mafundo yako. Usilete ndimu yako kwenye chungu cha mwenzio. Na ukishaharibu, sema wewe kabla vidole havijasema.

Shani, mbona umenyanyua mkono?

— Bibi... mimi nilitia sabuni ya unga. Kidogo tu.

Alaa.

— Na mimi limau, bibi. Kidogo.

Saumu! Na wewe, Badi?

— Dawa ya meno. Ili inukie.

Kiasi gani?

— Tyubu.

Subhana Llah. Ndiyo maana kichwa kinapoa na kuungua kwa wakati mmoja. Haya. Shani, lete kamba. Saumu, chanuo. Badi, kamwage kile chungu, ukisugue mpaka kitoe sauti. Vichwa vitatu, mafungu manne kila kimoja, majaribio kumi na mawili. Hatimaye bibi yenu amepata ajira.

Kisa nimekisuuza, nimekikamua, nimekianika. Kikinyeshewa, asiulizwe Mize.

Mikono magotini.