Nusu ya Maji ya Nakijwa

Hebu fumba macho kidogo, msikilizaji mpendwa, ulione bwawa dogo la udongo mlimani, asubuhi na mapema. Wapare huliita ndiva. Maji ya chemchemi hujikusanya humo, na kukipambazuka mwenye zamu huchomoa kizibo, maji yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Ukingoni amesimama mwanamke mwembamba, jembe begani. Jina lake Nakijwa.

Inasimuliwa kwamba mja huyu wa Mungu, miongoni mwa wa kwanza kubatizwa katika milima ile, alifiwa na mumewe, akaachiwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Eliamini, na shamba lililo mwisho kabisa wa mfereji. Mwaka huo mvua ilikatika maharage yakiwa yamechanua. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Yote ilikuwa ardhini. Siku tisa aliingoja zamu yake huku akiomba mvua, na kila siku aliwaambia wanawe, "Bwana hajatusahau."

Asubuhi ile alimkuta jirani yake Sengondo ameketi ukingoni, kichwa kimenyolewa. Alikuwa amemzika mkewe wiki hiyo. Kwa desturi yao aliye matangani hashiki jembe hadi matanga yaanuliwe, na yake yalikuwa yameanuliwa jana tu; nayo zamu haimngoji mtu, ikimpita, imempita. Shamba lake lilikuwa katikati ya mfereji, na maharage yake nayo yalikuwa yakinyauka.

"Sikuja kuomba, Mama Eliamini," alisema Sengondo. "Nimekuja kuyatazama maji tu."

Namkunda, wifi yake Nakijwa, aliyekuja kumsaidia kumwagilia, akamvuta kando. "Wifi, usinitazame hivyo, nakujua! Nusu ya ndiva haifiki kwako. Mfereji ule una kiu kuliko ng'ombe. Au Mungu wako atakuja kukubebea maji kwa kibuyu?"

Nakijwa alishika kizibo. Aliwafikiria watoto wake. Mwishowe akasema, "Atayafikishaje, wifi, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba hawezi kunilisha mimi kwa kumuua mfiwa kwa njaa." Kisha akageuka. "Jirani, nenda kafungue njia ya shambani kwako. Nusu ya kwanza ni yako."

Sengondo alisimama. Akashuka mbio.

Ndiva ilipofika nusu, Nakijwa aliziba, akasubiri shamba la jirani linywe na njia yake ifungwe, kisha akachomoa kizibo tena. Yeye na wifi yake wakayafuata maji yake. Yalipita kwa Sengondo vizuri, lakini yalipoingia penye ardhi kavu yakaanza kupungua, yakawa membamba kama kamba. Namkunda akasonya. "Si nilikwambia?"

Ndipo waliposikia mapanga huko chini. Sengondo na ndugu zake waliokuja matangani walikuwa wakikata migomba yake mwenyewe, wakiyabandua magome na kuyatandika ndani ya mfereji, moja juu ya jingine, kama magamba ya samaki.

"Mama Eliamini, sogea!" alipaza sauti Sengondo. "Maji yanakuja kwako, nawe umesimama mferejini, umeyazibia njia!"

Maji yakateleza juu ya magome, ardhi isionje hata tone, yakaingia shambani. Mistari mitatu ya mwisho hayakuifikia, nayo ilikauka. Lakini ile mingine ilizaa, na mavuno yake yakawafikisha wale watoto salama hadi mvua zilipoanza.

"Haya, wifi," alisema Namkunda, miguu ikiwa ndani ya matope. "Kumbe si kibuyu."

"Si kibuyu," akajibu Nakijwa, akicheka na kulia kwa pamoja.

Tazama subira ya mama yule. Siku tisa aliomba mvua, wala wingu halikutokea. Mwenyezi Mungu alikuwa ameiweka riziki yake mikononi mwa mtu aliyefiwa, katika migomba aliyoipita mama huyo kila siku bila kuiona kuwa msaada. Nawe utakaposali, "Utupe leo riziki yetu," kisha ukatazama juu usione wingu, nakusihi ukumbuke jambo moja tu: yale magome ya mgomba.