Chembe Zilizozinduliwa kwa Uji

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, serikali moja ilitangaza Mkakati wa Nanoteknolojia, yaani utafiti wa vitu vidogo hata jicho halivioni. Mkakati wenyewe ulikuwa mnene kama godoro. Ndani yake mlikuwa na ahadi moja tu ya maana: atakayefanikisha chembe za kwanza atakabidhiwa ufunguo wa maabara mpya.

Dada mmoja, Ndeshi, aliutaka ufunguo huo kufa na kupona. Kwao maji ya kisima hugeuza meno kuwa ya kahawia, na kijiji kizima hucheka kwa kuziba mdomo. Alihangaika jikoni kwake miaka nenda miaka rudi, mpaka akapata chembe za kuuondoa ubaya huo. Akazitia kwenye chupa.

Siku ya uzinduzi, afisa itifaki, Bwana Kilewo, akaikodolea macho chupa ile. "Dada, mbona tupu?"

"Zimo, kaka. Hazionekani."

"Mheshimiwa Waziri azindue hewa? Unataka nifukuzwe kazi?" Akazimimina zote kwenye bakuli la unga wa ulezi, akachanganya, akafunika kwa kitambaa. Ndeshi nusura alie.

Waziri akafunua kitambaa. Vigelegele! Akahutubia, akahutubia, mpaka njaa ikamshika, akaanza kuyumba. Mpishi, Bi Anasia, akaona mgeni anaanguka, akaona unga, hakuuliza mtu. Akapika uji, akamnywesha wote.

Waziri akajifuta midomo, akatabasamu. Lo! Meno yake ya kahawia, yaliyomfumbisha mdomo hata kwenye picha za kampeni, yalikuwa meupe pe!

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Ufunguo ni wangu," akasema Ndeshi. "Chembe nimezitengeneza mimi."

"Na nani kazifanya zionekane?" akasema Kilewo. "Bila mimi Mheshimiwa angegeuza gari palepale. Ufunguo ni wangu."

"Zilionekana, zikafanya nini? Si zilikaa tu mezani!" akasema Bi Anasia. "Mimi ndiye niliyezifikisha kwenye meno. Ufunguo ni wangu."

Waziri akapapasa tumbo. "Jamani, chembe zote za nchi hii zimo humu. Mkakati unasema maabara ni mahali zinapotunzwa. Basi maabara ni mimi, na ufunguo nakaa nao."

Ndeshi akashikwa na kicheko cha uchungu. Mkono ukapanda wenyewe, ukaziba mdomo.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mnacheka, amueni. Tena msifikiri sana, maana Waziri keshaanza kuulizia choo. Je, nani alistahili ufunguo?