Mtumbwi Uliombeba Baba Mkwe

"Mtumbwi hupimwa kwa safari ya kurudi." Jana mlinisikia nikimwambia shangazi yenu maneno hayo, mkacheka, mkaniuliza, "Bibi, mtumbwi na shangazi wapi na wapi?" Ya shangazi yenu mwachieni mwenyewe. Ila mtumbwi ulikuwapo kweli, na mwenye mtumbwi alikuwapo, na methali hii ilizaliwa siku moja ya masika huko bonde la Kilombero. Sogeeni. Huyo mdogo mpisheni kwenye mkeka, asije akalala akasema sikumsimulia.

Palikuwa na kijana akiitwa Lipindi. Alikuwa mwembamba kama upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na alijua maji kama mnavyojua ninyi njia ya kwenda dukani. Kasoro yake ilikuwa moja: haya. Mtu mzima akimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Lipindi alimpenda Blandina, binti wa Mzee Ngayonga, na Blandina alimpenda yeye. Posa ilishapokewa, shanga zilishavaliwa, wazee walishakunywa pombe ya makubaliano. Lilibaki jambo moja tu, mnyama wa ukwe.

Mnyama huyo alikuwa sheshe, yule swala wa bondeni mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Wakati wa kiangazi sheshe hutawanyika mbugani, unaweza kumkimbiza mpaka nyayo zikapasuka na usimguse hata mkia. Lakini masika yakifika, mto huacha kitanda chake ukalala popote unapotaka. Mbuga yote huwa maji, na sheshe hupanda kwenye vichuguu vikubwa vya zamani, ambavyo sasa vimekuwa visiwa. Hapo mwindaji haendi kwa miguu. Anachukua mtumbwi mdogo, kwa maana mkubwa haupenyi kwenye matete, anasukuma polepole upande ambao upepo hautampelekea mnyama harufu yake, anashukia nyuma ya kisiwa, kisha anatambaa na mkuki wake.

Tena mnyama wa ukwe hakatwi njiani. Anafika mzima, na kichwa chake na kwato zake, analazwa miguuni pa mama wa bibi harusi. Mama anamtazama, kisha anasema, "Nimepokea." Asiposema neno hilo siku mwindaji anaporudi, hakuna harusi mpaka masika mengine. Na Lipindi alijua kwamba ng'ambo ya mto kulikuwa na ukoo uliokuwa umeshamuulizia Blandina mara mbili. Ukoo wenye ng'ombe. Masika nayo yalikuwa yanaelekea mwisho.

Basi asubuhi hiyo Lipindi akateremka mtoni na mkuki na mafungu mawili ya kamba. Alipofika akamkuta Mzee Ngayonga amesimama kando ya mtumbwi, kofia ya ukindu kichwani.

"Leo nakwenda na wewe," mzee akasema. "Wako vijana siku hizi wanapewa mnyama na rafiki zao, wakija hapa wanatusimulia walivyotambaa. Mimi nataka nione mtu anavyotambaa."

"Karibu, baba," Lipindi akajibu. 

Mwanifahamu, Mzee Ngayonga hakuwa mtu mdogo. Kigoda alichokalia kililia. Alipopita mlangoni, mwanga ulingoja nje mpaka amalize kupita. Na mtumbwi wa Lipindi ulikuwa wa mtu mmoja na mzigo wake, si zaidi. Lipindi akautazama mtumbwi, akamtazama mzee, akautazama tena mtumbwi. Sasa niambieni ninyi: unamwambiaje baba wa mchumba wako kwamba ni mzito? Unaanzia neno gani?

Mama yake Blandina alikuwa pale kando akisugua sufuria kwa mchanga. Yeye hakuwa na haya na mtu. "Baba Blandina," akasema, "mtumbwi huo ni wa Lipindi, si wa kiboko."

"Wewe sugua sufuria," mzee akajibu. Akaingia, akakaa katikati. Mtumbwi ukashuka, ukasita, ukatulia. "Haya kijana, unatutosha au haututoshi?"

Lipindi akainama akatazama ukingo. Kati yake na maji palibaki kama kiganja kizima. Hapo alikuwa amepata nafasi ya kusema, baba, sasa hivi unatosha, lakini tutarudi na mnyama. Maneno yalifika kwenye meno, yakageuka.

"Unatutosha, baba," akasema.

Na kweli uliwatosha. Waliteleza juu ya mbuga iliyozama, nyasi zikisuguasugua ubavu wa mtumbwi, samaki wadogo wakiruka pembeni. Mzee alikuwa amefurahi. Alipenda vitendawili kuliko ugoro, kama mimi, na mtu aliyekaa naye kwenye mtumbwi hakuwa na pa kukimbilia.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mjomba wangu tumbo lake liko juu, mgongo wake uko majini."

"Mtumbwi."

"Aha! Unazo akili. Kitendawili!"

"Tega, baba."

"Ninaye mnyama. Akila kidogo anatembea. Akishiba anakufa."

Lipindi akasukuma upondo, akafikiri. "Kupe?"

"Kupe akishiba anadondoka tu, hafi."

"Moto?"

"Moto haushibi, wewe! Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Ifakara."

"Ifakara nimekwenda, nimekula wali wa huko kwa samaki mpaka nikafungua mshipi. Nimerudi." Mzee akacheka mpaka mtumbwi ukayumba, na Lipindi akashika upondo kwa nguvu. "Ni mtumbwi pia! Ukiingia maji kidogo unakwenda. Ukijaa umekwisha. Nimekunasa, nimetega mara mbili jibu moja."

Walipokaribia kichuguu wakanyamaza. Lipindi akatia mtumbwi kwenye matete bila kutoa hata mlio wa tone. Juu pale dume la sheshe lilikuwa limesimama, pembe zimepinda kwa nyuma, likitazama maji kama mtu anayengoja wageni. Lipindi akashuka, akatambaa kwa tumbo kwenye matope. Mzee alimtazama akitambaa, na hakuna tena aliyeweza kumwambia kwamba kijana huyu hajui kutambaa. Mkuki uliruka. Dume lilikwenda hatua chache, likapiga magoti, likalala.

"Hapo!" mzee akapiga makofi. "Huyo ndiye mnyama! Mnono! Mama Blandina atasema nimepokea kabla hujamweka chini!"

Lipindi naye akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Alishawaona wanawake wakipiga vigelegele, alishamwona Blandina akijificha nyuma ya mlango na kuchungulia. Wakamfunga mnyama kwa kamba, wakamburuta, wakamlaza mbele ya mtumbwi. Mzee akaingia. Lipindi akaingia. Ukingo ukakutana na maji kama midomo ya mtu anayekunywa kwenye kibuyu.

Walisukuma hivyohivyo. Ndani ya matete walikuwa salama, lakini walipotoka tu kwenye maji yanayokimbia, kawimbi kadogo, hata kawimbi si jina lake, kakaja kakaingia bila kubisha hodi. Kakafuata kengine. Mzee akavua kofia akaanza kukomba maji. Alivyokomba, aliyumba, alivyoyumba, maji yaliingia zaidi. Lipindi akageuza haraka, wakarudi kichuguuni wakiwa wamekalia maji.

Na hapo Lipindi akaona jambo jingine. Mahali dume lilipoangukia hapakuwapo tena. Palikuwa maji. Juu mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria upande wa moto, na mvua ya huko ilikuwa imeshafika huku kabla ya mawingu yake.

"Sikiliza," mzee akasema. Alikuwa ameyaona pia, lakini mtu mkubwa hapendi kuona haraka. "Mpeleke mnyama. Mimi nipe mkuki, nitakaa hapa juu. Utamlaza mbele ya mama, utarudi kunichukua. Usimwache mnyama, kijana. Mnyama ndiyo harusi."

Lipindi akatazama kichuguu. Kilikuwa kimebaki kama mgongo wa mamba. Kwenda nyumbani na kurudi ni mpaka jua linashuka, na hakuna mamba anayebaki hapo hapo akikungoja. Akitii, atakuwa mkwe mwenye heshima asiye na baba mkwe. Akikataa, anamtupa Blandina kwa mikono yake mwenyewe. Kwa ile haya yake alikuwa karibu kusema, "Ndiyo, baba."

Badala yake akasema, "Kitendawili, baba."

Mzee akamkodolea macho. "Sasa hivi? Kichwa chako kimeingia maji?"

"Kitendawili."

"Haya, tega basi."

"Ninaye mnyama. Akila kidogo anatembea. Akishiba anakufa."

 Mzee akautazama mtumbwi, akamtazama sheshe. Kisha akajitazama mwenyewe, tumbo lake na mapaja yake, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa jirani.

"Mtumbwi," akasema kwa sauti ndogo. "Na leo umeshiba."

"Umeshiba, baba. Na chakula chake kimoja lazima kitoke. Mimi sitoki, nasukuma. Wewe hutoki, mimi sikuachi hapa. Siwezi. Nikifika kwa mama nimwambie nini? Mama, huyu hapa sheshe, ila mumeo nimemwacha kichuguuni anakutumia salamu?"

"Harusi yako je?"

 Lipindi alichutama, akafungua kamba alizozifunga mwenyewe. Hakuitupa nyama kwa hasira wala kwa kujisifu. Aliishusha taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto asije akaamka. Maji yakaichukua dhahabu ile, ikazunguka mara moja, ikaenda.

Njia yote ya kurudi hapakutegwa kitendawili. Mzee alikaa mikono magotini, hasogei hata kujikuna. Nyuma yao kichuguu kilizama wakiwa bado wanakiona, na mzee aligeuza shingo tu, si mwili, akakitazama kilipokuwa.

"Ningekuwa pale," akasema.

"Hukuwa pale, baba."

Walipoikaribia gati ya kijiji waliona watu wamejaa. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye miti ya kuanikia nyavu. Mama Blandina alikuwa mbele ya wote, maji yanamfika vifundoni, kitenge kimelowa, na Blandina amemshika mkono asiende mbele zaidi. Mtumbwi ukagusa ardhi. Mzee akatoka, akapiga hatua mbili kumwelekea mkewe, akakaa palepale kwenye tope.

Lipindi akainamisha kichwa. Hakuthubutu kumtazama mama mkwe. "Mama," akasema, "nilipata dume zuri. Nimeliacha majini. Mtumbwi ulinishinda. Sina cha kukulaza miguuni."

Watu wakaguna. Kaka wa Mzee Ngayonga akakohoa kohoo lile la wazee, la kufungulia maneno magumu. "Desturi ni desturi," akaanza. "Mnyama hakuja..."

"Shemeji, ngoja," mama akasema.

Akamwinamia mumewe aliyekaa kwenye tope miguuni pake. Akamshika kichwa, akakigeuza huku na huku. Akamkagua mabega. Akamtazama miguu, mmoja, na wa pili.

"Kichwa kipo," akasema. "Kwato zipo. Hakukatwa njiani." Sauti yake ikapasuka hapo, machozi na kicheko vikatoka mlango mmoja. "Tena mnono! Shemeji, una mnyama gani mwingine unayetaka niletewe? Nimepokea! Mnasikia wote? Nimepokea!"

Blandina ndiye aliyeanza kigelegele, jambo ambalo bibi harusi halifanyi, na wanawake wote wakamfuata ili kumfichia aibu. Kaka wa mzee alimeza kohoo lake. Hata yeye alicheka, akasema kwamba katika ukoo wao sheshe mkubwa namna ile hajawahi kuonekana. Na mzee mwenyewe, palepale kwenye tope, akamvuta Lipindi kwa mkono akamkalisha karibu naye, akashindwa kusema kitu kwa muda mrefu. Kwa Mzee Ngayonga, wanangu, hilo ndilo lililokuwa ajabu ya siku.

Harusi ilifanyika, wakaliwa kambare na kuku. Wakati wazee wanatoa maneno, Mzee Ngayonga alisimama, watu wakategemea vitendawili. Hakutega. Alisema hivi: "Mkwe wangu, asubuhi ile mtumbwi ulikuwa mtupu. Nilikaa ndani, ukaelea, nikakuuliza unatosha, ukasema unatosha. Mimi niliuliza kwa jeuri, wewe ulijibu kwa haya, na wote wawili tulikuwa tunapima safari ya kwenda. Kwenda ni rahisi, kila mtu anakwenda mwepesi. Leo unaanza safari na binti yangu. Mtakayoyapata njiani mtarudi nayo pia. Yapigieni hesabu tangu sasa, na mkiona mtumbwi haufai, semezaneni hapo hapo gatini. Msingoje kichuguuni."

Watu wa mtoni waliyachukua maneno yale wakayafupisha, maana mtu anayesukuma upondo hana pumzi ya hotuba. Tangu hapo, mwindaji akitaka kwenda visiwani masika, wenzake humwekea tope ndani ya mtumbwi, uzito wa mnyama anayemtaka, naye akae, watazame ukingo, ndipo tope limwagwe na safari ianze. Na hata wasiokuwa na mtumbwi wala mto, wakimwona mtu anaingia kwenye jambo kwa furaha ya wepesi wake, humshika mkono wakamwambia alivyosema Mzee Ngayonga, aliyerudi mzima kwa mkewe: mtumbwi hupimwa kwa safari ya kurudi.