Kifunguo Kimoja cha Wauza Asali

Tegeni masikio, nawaletea kesi iliyomkosesha raha Bi Milembe, mwenyekiti wa chama kidogo cha wafuga nyuki huko Sikonge. Chama kile kilikuwa na watu watatu wa kujivunia. Nyamizi alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Sitta alikuwa na mkono mwepesi kwenye kompyuta. Kabula, huyo alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

Asali waliiuza kwa mtandao, na wote waliingia kwa neno moja la siri. Siri gani! Waliliimba wakichuja asali, ili aliye mgeni kazini asilisahau. Siku moja mnunuzi akakaa karibu na mizani, akautikisia kichwa wimbo ule, akaondoka na lile neno.

Nyamizi ndiye aliyeona. Lori lilikuwa limeshaondoka na mavuno ya msimu mzima, naye akipitia oda akakuta mzigo unapelekwa kwa mtu wasiyemjua. "Mama, tunaibiwa!" akamwita Bi Milembe.

Sitta akairukia kompyuta. Mwizi bado alikuwamo ndani. Akabadili neno la siri, akamfungia nje, akarudisha anwani ya kweli.

Kabula akampigia dereva ageuze, dereva akagoma. "Mimi nafuata nilichoandikiwa."

"Kaka yangu, hiyo asali ndiyo ada ya watoto wetu. Simama tu, utazame upya kwenye simu ulichoandikiwa."

Akasimama, akatazama, akageuza lori. Bi Milembe alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Wenye mfumo ule wa kuuzia mtandaoni wakasema kuimba basi. Kila mtumiaji awe na kifunguo chake cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinacholipiwa kila mwezi, kwa kichwa. Kampuni kubwa hata haisikii gharama hiyo. Chama kidogo kinaumia. Mfuko ulitosha kifunguo kimoja. Atakayekipata atakaa mezani kuuza kwa niaba ya wote. Wawili watarudi kwenye moshi wa mizinga, na moshi ule umeshawachosha vifua wote watatu.

"Bila mimi mngejuaje?" akasema Nyamizi.

"Bila mimi mwizi angebadili anwani tena," akasema Sitta.

"Na bila mimi asali ingekuwa imeshauzwa," akasema Kabula.

Kisha Sitta akanong'ona, "Mama, si tukitumie wote hicho hicho?"

Bi Milembe akaukumbuka ule wimbo, akakifumbata kifunguo.

Hadi leo hajafumbua kiganja. Nyinyi mnaonisikiliza, mngemwambia ampe nani? Na ukishamtaja mmoja, wale wawili utawatazamaje usoni?